Ndege Mbili Nyuma ya Wingu la Bogoro

Niliagwa kwa kuku, soda na hotuba tatu. Hotuba zote zilitaja vyeo nilivyopitia, kwa hiyo vyeo nawaachia waliohutubia. Ninyi mnaobaki katika karakana ya uwanja wa ndege mliniomba kitu kingine: niwaandikie jinsi ule mtambo wa kufuata ndege ulivyotengenezwa wakati wa vita. Mmeukuta stoo umefunikwa kitenge, na kila mtu ana hadithi yake. Mmoja wenu aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba ulishushwa kutoka kwenye ndege ya Warusi. Haukushushwa popote. Ulitengenezwa hapa hapa Bunia, na kitenge ni changu.

Mimi ni mtu wa upande wa Mahagi, karibu na ziwa, kutoka nyumba ya wavuvi waliotamani niwe sista. Badala yake nilisoma elektroniki kwa mapadri, nikaja Bunia miaka michache kabla ya vita, nikiwa na diploma, kalamu mbili na kiburi cha kutosha. Mkuu wa karakana alikuwa muzee Kasereka, mtu mfupi aliyevaa koti la buluu lenye mifuko sita. Alijua kila bisibisi imelala mfuko gani, na ukimwomba moja alitaka kwanza kujua sababu.

Siku ya kwanza nilitegemea anionyeshe redio. Akanipa kigoda na kunipeleka mwisho wa pisti, ile njia ya kurukia ndege, mahali zinapogusa ardhi.

"Kaa hapa," akasema. "Avion ikikuya, uniambie inatoka wapi, iko na moteri ngapi, na itatua dakika gani. Kisha ukuye tuzungumuze habari ya diploma."

"Na nikikosea, papa?"

"Utakosea. Usiogope, niko naandika."

Nilikosea wiki mbili. Yeye alisimama mlangoni pa karakana, mbali kabisa, mkono nyuma ya sikio, akanyoosha kidole angani kabla sijasikia chochote. Wiki ya tatu nilianza kupatia, na ndipo akanifungulia mlango wa chumba cha gonio.

Gonio hamkuikuta, kwa hiyo niieleze. Ilikuwa antena juu ya paa la mnara, na chini yake saa ya duara yenye sindano moja. Rubani akibonyeza kitufe chake na kusema neno lolote, sindano iligeuka na kuonyesha sauti ya redio inatoka upande gani. Ilikuwa mwaminifu sana, ila na kasoro mbili: haikujua umbali, na rubani akinyamaza, nayo ilinyamaza. Nilikaa nayo muda mrefu kiasi kwamba wenzangu wa mnara walianza kuniita Mama Gonio. Jina langu la kweli, Afoyorwoth, lilibaki kwenye karatasi za ofisi.

Vita vilifika, na sitavieleza. Kila mmoja wenu ana vyake nyumbani kwao. Nitasema tu yaliyogusa kazi. Umeme ulikatika, tukaishi kwa jenereta iliyokohoa kama mzee wa tumbaku. Walioshika uwanja walibadilika mara kadhaa, na kila waliofika walituuliza swali lile lile: ninyi ni watu wa nani? Muzee Kasereka alijibu wote kwa namna moja: "Siye ni batu ba redio." Sijui kama jibu hilo lilituokoa au ni kwa sababu kila jeshi linahitaji redio. Mume wangu, mwalimu, alikuwa amekwama Aru na watoto wetu wawili, na barabara ya kwenda huko ilikuwa imefungwa. Tuliishi kwa barua zilizobebwa na yeyote aliyepata nafasi katika ndege.

Na ndege zilikuwa nyingi. Za chakula, za wafanyabiashara, za majeshi, za watu wa dhahabu ambao hawakupenda kusema wanatoka wapi. Wengi wao hawakuita mnara. Walitokea tu.

Wakati huo huo watu waliokimbia vijiji walikuja kujenga kando ya uwanja, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na askari wa kigeni waliokuja kulinda. Vibanda vya miti na bashi, maturubai ya plastiki, vilifika karibu kabisa na pisti. Bomba la maji lilikuwa ng'ambo. Mmeshaona shida: kila siku saa kumi alasiri, maji yalipofunguliwa, mamia ya wanawake walivuka pisti na bidoni zao, madumu ya manjano, na ndege hazikuwa na saa.

Alasiri moja ndege ndogo ilitokea jua likiwa nyuma yake, bila kusema neno. Rubani aliona watu, akageuza, bawa likapiga ardhi, akaishia majanini. Hakuna aliyekufa. Lakini mama mmoja aliruka kwenye mtaro na kuvunjika mguu. Aliitwa Mama Furaha, mkulima wa maharage kutoka Bogoro, mwenye sauti iliyoweza kuita mtu upande wa pili wa bonde. Nilikwenda kumwona hospitalini na ndizi. Aliangalia ndizi, akaniangalia mimi.

"Weye njo ule wa redio?"

"Ndiyo, mama."

"Juu ya nini hamukutuambia kama inakuya?"

"Hatukujua, mama. Rubani hakusema kitu."

"Asiposema, hamuna macho? Hamuna masikio?"

Nilirudi kazini kwa miguu, nimekasirika, kwa sababu alikuwa na haki. Masikio tulikuwa nayo. Na macho pia yalikuwepo, ila hayakuwa yetu: askari wa kigeni walikuwa wameleta rada ndogo juu ya trela, wakaiweka upande wa mashariki wa uwanja. Rada iliona umbali na mwendo wa kila kitu kinachosogea angani. Gonio, kwenye mnara, ilijua upande. Masikio ya muzee Kasereka, karakanani, yalijua kama ni ndege au la. Tatizo ni kwamba vitu hivyo vitatu vilikaa mahali patatu. Ili viongee, mtu wa rada alipaswa kupiga simu mnarani, mnara uulize karakana, karakana ijibu. Ndege inayokuja kutua inakula kilomita moja kila sekunde kumi na tano hivi. Sisi tulipomaliza kusalimiana, ilikuwa imeshafungua mlango na kuteremsha abiria.

Nikamwambia muzee Kasereka nataka vitu vitatu viongee vyenyewe, bila watu, na vikikubaliana ndege inakuja, king'ora kilie.

"King'ora gani?" akauliza.

"Sijui bado, papa."

Siku nne baadaye akaja na king'ora cha zamani juu ya baiskeli. Alikipata kwa mchimba dhahabu mmoja, muislamu, rafiki yake wa kucheza ngola, bao la huku kwetu, ambaye alikitoa katika kambi ya mgodi iliyoachwa. Kilikuwa kizito kama mbuzi na kilijaa nyigu. Nyigu walimuuma mara mbili. Nilipompa pole alisema walikuwa hapo kwanza.

Fundi wa rada alikuwa sajini anaitwa Rafael, kijana mrefu mwenye haya kutoka nchi moja ya Amerika Kusini. Kiswahili alijifunza sokoni, kwa hiyo hata hesabu alizisema kama mtu anayenunua nyanya. Nilimweleza habari ya Mama Furaha na bidoni. Akaenda kuongea na mkubwa wake. Alirudi na ruhusa ya waya mmoja tu kutoka trela mpaka karakana, na kompyuta ya kukunja iliyokosa herufi mbili.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mnaponiuliza kila mara. Masikio tuliyatengeneza kwa mikro nne, vinasa sauti vya simu za zamani, kila moja ndani ya mkebe wa maziwa wenye sifongo, tukaziweka pembe nne za uwanja. Panga za injini ya ndege zinapiga hewa kwa mdundo wake, na mdundo huo kompyuta iliweza kuutambua. Gonio tuliiunganisha kwa nyuma, kwenye nyaya zinazosukuma sindano. Rada ilileta namba zake kwa waya wa Rafael. Kompyuta ilifanya jambo moja tu, tena na tena, kila sekunde: ilikisia ndege itakuwa wapi, kisha ikavisikiliza vyombo vitatu na kusahihisha makisio yake. Rada iliaminiwa sana kwa umbali, kidogo kwa upande. Gonio iliaminiwa kwa upande, wala haikuulizwa umbali. Mikro ziliulizwa hasa swali moja: hiki ni kitu chenye injini au ni mwewe? Chombo kimoja kikipotea, makisio yaliendelea, na kwenye skrini mstari wa ndege uligeuka vinukta, kama mtu anayeongea akiwa hana uhakika.

"Hii namba ni kali," Rafael alikuwa akisema. "Punguza kidogo, mama."

Nikapunguza. Kazi yote ilikuwa kupunguza na kuongeza, mwezi baada ya mwezi.

Jaribio la kwanza lilituaibisha. Ndege ya mizigo ilikuja asubuhi, hewa safi, rubani akiongea vizuri. Kwenye skrini zikatokea mbili. Moja mbele, nyingine ikiifuata. Ya mbele ikatua. Ya nyuma ikaendelea mpaka katikati ya pisti na kupotea hewani. Tulirudia siku iliyofuata, hivyo hivyo. Rafael alipitia hesabu zake siku tatu bila kunyoa ndevu. Nilibadilisha saa za vyombo, maana ziligombana kwa sekunde kadhaa, nikazilinganisha zote na saa moja. Ndege ya pili ikasogea kidogo, lakini haikuondoka.

Muzee Kasereka hakuipenda kompyuta. Alikuwa akiingia chumbani kuchukua waya wa kulehemu na kutoka bila kuitazama. Siku ya nne alisimama nyuma yetu, akaangalia ndege mbili zikifuatana.

"Ile ya mbele ni avion," akasema. "Ile ya nyuma ni sauti yake."

Tukageuka wote wawili.

"Sauti inatembea polepole. Mi nikisikia avion, sionyeshi pale sauti iko natoka. Pale haiko tena. Naonyesha mbele."

"Mbele kiasi gani, papa?" Rafael akauliza.

Muzee alifikiri. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. "Inategemea iko mbali namna gani. Ikiwa mbali, mbele sana. Ikiwa karibu, kidogo."

Rafael alikaa chini sakafuni na kucheka mpaka machozi. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa ameisahau, na mtu aliyekuwa nayo alikuwa akipita mlangoni kila siku na waya wa kulehemu mkononi. Kwa kuwa rada ilijua umbali, kompyuta iliweza kujua sauti imechelewa sekunde ngapi. Jioni hiyo ndege ya pili ikafutika.

Tukafunga king'ora. Mama Furaha alikuwa ametoka hospitali na fimbo mbili, na yeye ndiye aliyetusaidia kuwafundisha wanawake. Alisimama juu ya kreti mbele ya vibanda akapiga kelele: "Ikilia, mutoke mu pisti! Hata kama bidoni iko najaa! Maji yatarudi, mutu harudi!" Wanawake wakacheka, wakamwiga sauti, lakini walisikia.

Kisha tukawaharibia imani. Makongoti, wale ndege wakubwa wenye upara, walizunguka juu ya takataka za kambi, na rada iliwaona. Saa hizo hizo mashine ya kusaga muhogo ilikuwa ikidunda kambini, na mikro zikausikia mdundo. Rada ikasema kitu kinaruka, mikro zikasema kina injini, kompyuta ikaamini. Mashahidi wawili walidanganya jambo moja bila kupanga. King'ora kikalia, wanawake wakakimbia, maji yakamwagika, na juu wakaona makongoti wakielea kama maaskofu. Ilitokea mara mbili katika wiki moja. Kambi nzima ikaanza kuita mtambo wetu "avion ya makongoti". Mara ya pili wanawake kadhaa hawakukimbia kabisa. Hilo ndilo lililoniumiza, kuliko kicheko.

Kosa tulilirekebisha: tuliiambia kompyuta idai kwamba sauti na picha vitoke upande mmoja wa anga. Lakini kontroleri wa mnara, papa Innocent, hakutaka tena king'ora kilie chenyewe. Aliweka swichi ya ufunguo mnarani. Mtambo ungewasha taa nyekundu, yeye angeamua. Simlaumu. Alikuwa mtu makini, aliyevaa tai hata siku za risasi, na alisema kweli: "King'ora kikidanganya mara ya tatu, Mama Gonio, hata siku ya ukweli hakuna atakayekimbia."

Siku ya ukweli ilikuja kama wiki tatu baadaye. Ilikuwa saa kumi alasiri, na maji yalikuwa yamefunguliwa. Upande wa Bogoro lilisimama wingu jeusi la mvua, ukuta kabisa, ingawa uwanjani kulikuwa bado kukavu. Nilikuwa nimepandisha kompyuta mnarani wiki hiyo ili papa Innocent aizoee. Muzee Kasereka alikuwa chini, akifunga mkebe wa mikro uliolegea.

Ndege ya mizigo iliita kutoka upande wa ziwa. Rubani aliongea Kifaransa kizito, akaomba kutua. Sindano ya gonio ikageukia mashariki, rada ikampata, kwenye skrini mstari wake ukaja safi, mrefu. Papa Innocent alimwambia asogee, akaniomba nimwite mlinzi awaondoe wanawake, maana kulikuwa na dakika za kutosha, tano au sita.

Ndipo mstari wa pili ukazaliwa. Ulitokea chini ya ule wa kwanza, karibu zaidi, ndani ya wingu. Ulikuwa wa vinukta. Ukawa mstari sekunde mbili, ukarudi vinukta. Taa nyekundu, iliyongoja mpaka ndege iwe karibu, ikawaka.

"Iko ya pili," nikasema. "Mbele ya huyu. Haiongei."

Papa Innocent akainama. "Ile ni mvua. Rada inaona mvua."

"Mvua haina panga, papa. Mikro ya mashariki iko nasikia injini."

Akapiga simu kwenye trela. Nilimsikia Rafael upande wa pili akisema anaona ndege moja tu na mvua nyingi. Papa Innocent akaweka simu, akanitazama kwa huruma. Huruma ilikuwa mbaya kuliko hasira.

"Mashine yako iko naota, mama."

Chini, pisti ilikuwa imejaa. Wanawake wengine walikuwa wanarudi na bidoni kichwani, na mtu mwenye lita ishirini kichwani hakimbii haraka. Niliangalia vinukta. Kama Rafael haioni, basi ni mikro peke yake na mabaki ya rada, na hayo ndiyo yaliyotuaibisha na makongoti. Lakini sauti na picha zilitoka upande mmoja, na kitu hicho kilikuwa kinashuka kwa mwendo wa ndege, sio wa kongoti. Hakuna kongoti anayetua Bunia kwa mstari ulionyooka.

Nilifungua dirisha na kuita. "Papa Kasereka! Ngapi?"

Hakuniuliza ninamaanisha nini. Aliacha mkebe, akaweka mkono nyuma ya sikio, akageuka mashariki. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilimwona akinyoosha vidole viwili.

"Mbili!" akaita. "Ile kidogo iko mbele!"

"Papa Innocent," nikasema, "fungua. Uandike katika kitabu kama ni mimi niliomba. Mimi peke yangu."

Alinitazama mimi, akatazama pisti, akageuza ufunguo.

King'ora kikalia. Na wanawake, niwaambie ukweli, hawakukimbia. Walisimama wakatazama juu, wakitafuta makongoti. Kisha nikasikia sauti ya Mama Furaha kupita hata king'ora. Alikuwa katikati ya pisti na fimbo zake, alikuja kuchukua zamu yake ya maji. Akatupa bidoni yake chini ikapasuka. "Mutoke!" akalia. "Mutupe maji! Mutoke!" Na mwanamke aliyevunjika mguu alipoanza kukimbia kwa fimbo, hakuna aliyeweza kubaki amesimama. Bidoni zilianguka kama mvua ya mawe.

Wakati huo papa Innocent alikuwa ameshika redio, akimwambia rubani wa mizigo asitue, apande, azunguke. Yule aliuliza kwa nini. Papa Innocent akajibu kwamba kuna ndege nyingine mbele yake. "Mimi sioni kitu," akasema rubani. "Hata mimi," akasema papa Innocent, "lakini panda."

Ikatoka katika wingu, ndege nyeupe ya injini moja, chini kabisa, ikitikisika. Iligusa pisti mahali wanawake walipokuwa wamesimama muda mfupi uliopita, ikapita juu ya bidoni mbili, ikayumba, ikasimama. Juu yetu ile ya mizigo ilipita ikinguruma, ikarudi angani. Kisha mvua ikafika na kutufunika wote.

Umeme wote wa ndege ile ulikuwa umekufa njiani: redio, taa, kila kitu. Rubani alikuwa ametoka Aru, akaikwepa mvua kwa kuzunguka mashariki, mvua ikamzungukia na yeye. Ndani alikuwa na wauguzi wanne na masanduku ya dawa, watu wa upande wa Nyankunde waliokuwa wanakwenda kufungua tena zahanati yao. Muuguzi mmoja, mama mnene aliyelowa chepechepe, aliuliza mlangoni pa karakana kama kuna mtu anaitwa Afoyorwoth. Alikuwa na barua ya mume wangu ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Watoto ni wazima, ilisema. Mdogo ameng'oa jino. Niliisoma nimesimama, nikaenda kukaa nyuma ya jenereta mpaka nilipoweza kuongea tena na watu.

Rafael alikuja mbio kutoka trela bila kofia. Hakuwa ameiona ile ndege mpaka ilipotoka mawinguni, na alijilaumu. Muzee Kasereka akamwambia, "Weye uliona ile kubwa. Siye tulisikia ile kidogo. Shida iko wapi?" Papa Innocent aliingia mwisho, tai imelowa. Aliweka ufunguo wa swichi juu ya meza ya karakana, mbele yangu.

"Kaa nao, mama," akasema. "Mashine ilie yenyewe."

Tangu siku hiyo mashine ililia yenyewe, na wanawake walitoka. Ilikosea mara chache, hasa kwa sababu ya mvua, na tulikwenda kuomba radhi kambini kila mara, mimi kwa maneno na muzee kwa kukarabati redio za watu. Nawausia hilo: mtambo ukidanganya, nenda mwenyewe ukaseme umedanganya. Usitume karatasi.

Askari wa kigeni waliondoka na rada yao. Rafael alilia waziwazi, akapewa kuku hai ambaye sijui alimfikisha wapi. Tuliendelea kwa gonio na mikro, tukiona nusu, mpaka vyombo vya kisasa vilipokuja na ule mtambo ukapumzika. Muzee Kasereka alirudi kwao Butembo, akafa akiwa mzee sana, kitandani, jambo ambalo miaka ile lilikuwa kama cheo. Nilikwenda matanga. Mume wangu na watoto walikuwa wameshatoka Aru zamani, na yule wa jino sasa ananitania kwamba nilimlea kwa barua.

Kambi ilipovunjwa na watu wakarudi vijijini, Mama Furaha alikuja ofisini, akichechemea bila fimbo. Alikuwa amechaguliwa katika kamati ya shule ya Bogoro, na shule haikuwa na kengele. Alitaka king'ora. Niliandika barua tatu kupata ruhusa, kisha nikaenda mwenyewe na fundi mwenzangu kukifunga juu ya nguzo, na betri ya gari chini yake.

Ilikuwa asubuhi ya kulima. Mashamba yalipanda kilima pande zote mbili za barabara, na wanawake walikuwa wamejaa humo, wengi wao wale wale wa kambini, na Mama Furaha juu kabisa. Mwalimu mkuu alisimama karibu yangu na saa mkononi. Nilibonyeza.

Juu ya kilima kizima majembe yalianguka. Wanawake waliacha mistari yao wakakimbia, kila mmoja kuelekea kando ya shamba, mbio kweli kweli, kitenge mkononi. Kisha mmoja akasimama. Akatazama juu, akatazama chini ya miguu yake, kwenye maharage. Mwingine akasimama. Halafu kicheko kikaanza juu kabisa, kwa sauti niliyoijua, kikateremka shamba kwa shamba mpaka kikatufikia sisi barabarani.